Mtoto Hafungi

Jumapili. Mvua tangu alfajiri, ziwa halionekani hata ukisimama mlangoni.

Leo sina hamu ya kuandika, na ndiyo maana naandika. Nikinyamaza nitapasuka. Humu ndani hakuna mtu hata mmoja ninayeweza kumwambia haya kwa mdomo. Mama hasomi. Mume wangu simu yake ni ya tochi, na hata angekuwa na kubwa asingepoteza megabaiti kwa maneno yangu. Basi nawaambia nyinyi msionijua, na majina nimeyabadilisha.

Waliowahi kupita hapa wanajua kwamba mwanangu Yasini alifariki kabla mvua hazijaanza. Alikuwa na miaka mitano na ngiri ndogo, kauvimbe ka chini ya tumbo kanakotoka akicheka au akilia, akilala kanarudi ndani. Daktari alisema si kitu, anapasuliwa asubuhi na jioni anarudi kucheza. Adhuhuri tulikuwa tumeshamrudisha nyumbani, kwa gari la jirani, amefunikwa kanga yangu.

Nimeandika hapa sijui mara ngapi kwamba hospitali ndiyo iliyomuua. Kwamba yule bwana wa dawa ya usingizi alimzidishia mtoto dawa. Si hapa tu. Nimesema sokoni, nimesema kwenye bomba la maji, nimesema msikitini upande wa wanawake. Mtu akija kunipa pole, kabla hajaketi vizuri nimeshamwaga habari yote. Nilikuwa na uhakika, na ule uhakika ndio ulionisaidia kuamka asubuhi.

Leo umekwisha.

Ngoja niseme kwanza habari ya Mama, la sivyo mtamhukumu, na mimi sitaki mtu amhukumu mama yangu isipokuwa mimi.

Tunakaa naye hapa Rumonge, mtaa wa Waswahili, si mbali na soko la samaki. Mama anapika mandazi. Alfajiri, wavuvi wakirudi na ndagala zao, dagaa wa huku, na wale akina mama wanaonunua kwa jumla wakianza kugombana juu ya bei, karai la Mama limeshachemka. Hajawahi kulala na mandazi yakabaki. Ana maneno, ana utani, akikupa chai anakutukana kidogo na wewe unaongeza andazi la pili. Mimi ni fundi cherehani, nashinda barazani kwa watu na mashine yangu, kwa hiyo Yasini alilelewa na yeye zaidi kuliko mimi.

Na walikuwa mke na mume. Mnajua utani wa bibi na mjukuu. Alimwita "mume wangu", na kale katoto kakamwita "mke wangu" bila haya, mbele ya wateja. "Mke wangu, leo chai yako haina sukari." Watu wanaanguka kwa kicheko. Nikitaka kumchapa kwa utundu wake, Mama anasimama katikati yetu: "Mume wangu hachapwi na mtu, wewe kachape wako aliyeko Magara." Wangu ni Musa, baba yake Yasini, anavua usiku huko Magara na anakuja nyumbani siku mwezi ukiwa mkubwa na samaki hawafuati taa.

Andazi la kwanza kutoka karaini lilikuwa la mume wake. Kila siku. Mteja awe tajiri, awe na haraka, anangoja.

Sasa siku moja kabla ya kupasuliwa tulikwenda hospitali kupimwa damu. Muuguzi akatuambia, kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yetu: kuanzia akilala usiku, mtoto asile kitu, asinywe kitu, hata maji, mpaka atoke kupasuliwa. Nikasema ndiyo, murakoze, asante. Akaita mwingine.

Tulikuwa wanawake wengi kwenye benchi, na tulipobaki wenyewe kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mmoja aliyetoka Kizuka alisema ni ili daktari asikutane na chakula tumboni akakikata pamoja na nyama. Mwingine akasema hapana, ni ili mtu asichafue kitanda, kwani mwenye kulala usingizi ule hajui choo. Mama mmoja wa kanisani akasema huo ni mfungo wa maombi, na kama daktari mwenyewe ndiye aliyeuomba, basi daktari huyo ni mtu wa Mungu. Nilicheka ile siku. Mimi nilidhani ni kama dawa ya minyoo, inashika vizuri tumbo likiwa tupu. Hakuna aliyenyanyuka kumuuliza muuguzi, na mlango ulikuwa wazi. Sisi kwa hospitali tuko hivyo, ukiuliza sana unaonekana unabishana na waliosoma.

Nikarudi nyumbani nikamwambia Mama, "Yasini asile wala asinywe mpaka tutoke hospitali."

Mama akasema, "Haya."

Haya peke yake! Mama yangu, ambaye ukimwambia kuna jua atakuambia jua la jana lilikuwa kali zaidi. Nilipaswa kujua pale pale kwamba moyoni hakukubali. Lakini nilikuwa na mawazo ya kesho, nikaona amenihurumia tu.

Alfajiri mtoto aliamka na harufu ya mandazi kama kila siku. Akaanza kulia. "Bibi, langu! Nipe langu!" Nikamwambia leo hakuna, akalia zaidi, akajitupa chini, na ile ngiri ikatoka. Nikaingia kuoga na kuswali huku roho inaniuma. Nilipotoka nilimkuta ametulia mapajani kwa bibi yake, miguu inaning'inia.

Nikamsifu. Nikamwambia, "Mwanaume kweli wewe. Umenyamaza mwenyewe?"

Akamwangalia bibi yake, akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka. Nilidhani ameona haya kwa sifa.

Hospitali waliniuliza, hajala? Nikasema hajala. Wakampeleka. Baadaye daktari akatoka, kipaji cha uso kimelowa jasho, akanivuta pembeni. Akasema mtoto ametapika akiwa katika usingizi. Akasema dawa ile ikimlaza mtu, mwili unasahau kulinda koo, na kilichoko tumboni kikipanda kinaingia mapafuni. Akasema wamejaribu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mtoto alikula?"

Nilimrukia. Nikamwambia hakula.

"Hata chai?"

"Hakula, nimesema! Mnataka kunibebesha mimi?"

Akanitazama, akainamisha kichwa, hakuniuliza tena. Na mimi nikaondoka na hasira yangu kwa sababu hasira inabebeka. Nyumbani nilipofika sikumweleza mtu swali lile. Nilisema tu, wamemzidishia dawa ya usingizi. Mama alikuwa ameketi chini kwenye mlango wa jikoni. Alipiga ukunga mmoja, akasema, "Mume wangu," basi. Baada ya hapo wakaja wanawake, wakaja wa kuchimba kaburi, na maneno yangu yakawa ndiyo habari ya mtaa mzima.

Sasa leo.

Mchana, mvua ilipopungua, alikuja Mama Esta. Huyu ni jirani yetu wa nyuma, Mkongomani, walivuka kutoka upande wa Fizi akiwa msichana. Anakausha ndagala na kuziuza. Mtu mzuri sana, kanisani anaimba hadi sauti inakauka. Alikuwa bado na nguo za ibada. Binti yake Esta, wa darasa la pili, ana uvimbe shingoni, na kesho anapasuliwa. Hospitali ile ile.

Alikuja kwa woga. Nilimwona anavyozunguka maneno, hataki kutaja, hataki kunichoma. Mwisho akasema, "Bananiambia mutoto asikule kitu. Hata maji. Miye niko naogopa, Bibi. Mutoto wangu hawezi njaa, akikosa kula asubuhi anatetemeka. Nyinyi mulifanya je?"

Mimi nilikuwa pembeni nachambua maharage. Nikawa natafuta jinsi ya kumwambia asiende hospitali hiyo, ampeleke Bujumbura kama ana uwezo. Mama akanitangulia.

Akamshika goti. Akamwambia kwa ile sauti yake ya kubembeleza, ambayo sijaisikia tangu msiba, "Usiogope, mwanangu. Mutoto hafungi. Hata Ramadhani, mwezi wenyewe wa Mungu, mutoto hafungi na mugonjwa hafungi. Mungu amesamehe. Sasa huyu ni mutoto, tena ni mugonjwa, nani tena wa kumufungisha? Hao wa hospitali wanasema tu. Mimi mume wangu nilimupa andazi lake na chai ya maziwa, huyu mama yake akiwa anaswali. Sikumwambia kwa sababu angegomba. Alikula akashiba. Kama ni kufa, alikufa kwa dawa yao, lakini hakufa na njaa. Hilo tu ndilo linanipa usingizi."

Hakufa na njaa.

Mikono iliendelea kuchambua. Nakumbuka nilitoa kijiwe kimoja, nikakiweka kando vizuri, nikatafuta kingine.

Nilimchukia. Nitasema ukweli hapa maana hapa ndipo mahali pake. Kwa muda ule nilimchukia mama yangu kwa chuki ambayo sikujua ninayo. Nilitaka kusimama nimpigie kelele, nimwambie ni wewe, ni andazi lako na chai yako, ni mdomo wako ulioniambia "Haya". Nilitaka alie mbele ya Mama Esta. Nikainuka na ungo wangu, nikatoka nyuma, nikasimama chini ya mabati, maji yananirukia miguuni.

Nikamwona Yasini na kiganja chake mdomoni.

Alikuwa anacheka kwa sababu alikuwa na siri na mke wake. Ndiyo siri ya mwisho aliyokuwa nayo, na alikuwa amefurahi. Nililia pale nyuma hadi nikashika ukuta.

Kisha, sijui kwa nini, nikamfikiria Mama mwenyewe na alivyo siku hizi. Bega limeshuka. Utani umekwisha, wateja wanakunywa chai wakimwangalia kwa jicho la pembeni. Andazi la kwanza analitoa, analiweka kwenye kifuniko cha sufuria, hampi mtu, linapoa pale. Mimi nilikuwa na hasira yangu ya kunisimamisha. Yeye alikuwa na hilo moja: mume wangu alishiba. Nimnyang'anye na hilo, atabaki na nini? Ana umri mkubwa na shinikizo la damu. Nikimwambia, si atakufa? Na akifa, nitakuwa nimezika wangapi kwa jambo moja?

Na Musa je? Musa alimzika mwanawe akarudi ziwani bila kusema neno, na mpaka leo akija anaongea na nyavu. Nikimwambia kwamba ni mkono wa mama yangu, atakaa nami katika nyumba hii? Simjui atakuwa nani siku hiyo.

Nikaamua. Sitasema. Jambo hili litaishia kwangu, nitakufa nalo.

Halafu nikasikia sauti ya Mama Esta mlangoni, anaaga. "Murakoze sana, Bibi. Nimepata moyo. Nitamupikia uji wa soya saa ya alfajiri, nitamupa na maziwa." Na Mama anamjibu, "Mupe, mupe ashibe."

Ee Mola wangu.

Kumbe siwezi kunyamaza. Nikinyamaza, kesho adhuhuri mwanamke mwingine atarudi mtaani na mtoto amefunikwa kanga. Na mara hii si kwa kutojua. Mimi nitakuwa najua.

Nilingoja. Nilifanya kazi ambazo hazikuwa na haja, nikafua kitambaa kilichofuliwa. Mama alipolala kidogo baada ya alasiri nikajitanda kanga nikatoka kwa njia ya nyuma.

Njiani, mnajua nilikutana na nani? Yule bwana wa dawa ya usingizi. Anakaa juu kidogo ya mtaa wetu, na tangu msiba akiniona anahamia upande wa pili wa barabara, kwa sababu mara ya kwanza tulipokutana nilimwita muuaji mbele ya watoto wake. Leo pia alianza kuvuka, na matope yote yale. Mzee wa watu, na mwavuli uliovunjika. Nikamsalimia, "Amahoro."

Alisimama. Nadhani alingoja tusi lifuate. Lilipokosekana akajibu, "Amahoro, Mama," polepole, akabaki amesimama. Nimempaka huyu mtu tope mji mzima, na yeye hakuwahi hata siku moja kujibu. Hilo nalo sina budi kulirekebisha, na sijui nitaanzia wapi bila kumtaja Mama. Nikapita.

Mama Esta nilimkuta kwake anachekecha unga wa soya. Esta alikuwa kwenye kitanda cha kamba anachora kwenye daftari, shingo amefungiwa kitambaa. Aliniamkia vizuri. Ana meno mawili ya mbele yanayoota. Nilimwomba mama yake tutoke nje.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yalipotea. Nikamwambia tu, "Usimpe huo uji."

"Lakini Bibi alisema—"

"Najua alisema. Usimpe. Wala maji. Wala asionje." Nikamweleza alivyonieleza daktari, neno kwa neno: usingizi ule si kama usingizi wa kitandani, koo linasahau kazi yake, chakula kinapanda kinaingia kifuani. Kwa hiyo wanataka tumbo tupu. Si mfungo. Hakuna thawabu wala dhambi ndani yake, na hakuna wa kusamehewa, mtoto wala mgonjwa wala mzee.

Aliniambia, "Miye nilizani ni juu ya kutochafua kitanda. Nikasema, nitamuvalisha nepi." Mama Esta si mjinga. Niliona macho yake yanarudi kwetu, yanarudi kwenye yale mazungumzo ya mchana, yanaikuta ile chai ya maziwa. Akaweka mkono kifuani.

"Yesu," akasema. "Yeye anajua?"

"Hajui."

"Hatajua kwangu." Akanishika mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa na unga, akaishikilia hivyo. Hakuniombea kwa sauti kama kawaida yake. Nikamwambia mtoto akilia kesho ajikaze, asimwonee huruma. Akasema atajaribu. Nilivyomwona, hatajaribu sana. Huyu hawezi kuona kuku amekosa maji.

Niliporudi adhana ya magharibi ilikuwa imeshapita. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, hajawasha taa.

"Umetoka kwa Mama Esta," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Umemwambia asimupe mutoto kitu."

Nikawa natafuta kiberiti mahali ambapo najua hakipo.

"Mchana uliinuka na ungo na maharage hayajaisha," akasema. "Nikasema huyu hana kawaida hiyo. Niambie. Wewe umesoma. Sababu yake ni nini, mutoto asile?"

Nikamwambia ni amri ya hospitali tu. Akasema amri iko na sababu. Nikamwambia, "Wanasema anaweza kutapika usingizini."

Nilimsikia anapumua. Kisha akaniuliza, na sauti ilikuwa ndogo mno, si ya mama yangu ninayemjua: "Na mume wangu alitapika?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, hakuniona usoni, na ninamshukuru Mungu kwa hilo.

"Hapana, Mama," nikasema. "Dawa ilimzidi. Si nilikwambia?"

"Uliniambia," akasema.

Basi. Hakuuliza tena. Akanyanyuka, akashika udhu, akaswali isha. Sijda ya mwisho ilikuwa ndefu hadi nikaogopa, nikasogea kumtazama kama anapumua. Chakula nilichomtengea hakukigusa. Alisema tumbo limejaa gesi.

Kisha akaanza kutoa nguo zake kwenye sanduku. Nikamuuliza unatafuta nini. Akasema anatafuta kanga yake ya kutokea.

"Kesho sipiki," akasema. "Nakwenda lopitali na Mama Esta. Yule iko na roho laini, mutoto akilia tu atamupa. Nitakwenda kwake kabla ya adhana, nimushike mutoto mapajani mpaka wamuite. Alie, anitukane, aniume. Kwangu hatapata hata mate."

Alisema hayo akinipa mgongo, anakunja kanga, anaikunjua, anaikunja tena. Mama yangu hajakosa kupika mandazi hata siku ya tatu ya msiba, alipika akilia, akasema watu wa ziwani hawana kosa.

Sasa amelala, au amejilaza. Amegeukia ukutani. Nimeketi hapa na simu, na mvua imeanza upya juu ya mabati.

Nilimdanganya Mama. Ninajua. Je, alinisadiki? Au amenipokelea uongo wangu ili na mimi nipate usingizi? Na kama anajua, je, nimemwacha alibebe peke yake, kila mmoja gizani na lake, wakati tungeweza kulia pamoja hili jambo moja? Ningesema ndiyo, Mama, alitapika, ingekuwaje? Labda ipo siku nitamwambia. Leo nilishindwa.

Nimetega saa ya simu. Alfajiri natoka naye. Yeye atamshika Esta, na mimi nitamshika yeye.